Miezi minane sijajidhuru, lakini hamu bado inanirudia. Nifanyeje?

Binti_Kihonda:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naombeni mnisome mpaka mwisho, msinihukumu.

Nina miaka 23, nipo Morogoro, nauza duka la jumla. Nilianza kujidhuru nikiwa kidato cha tatu. Mwaka jana dada yangu aligundua, akanipeleka hospitali, nikaanza kuonana na mshauri nasaha. Sasa ni mwezi wa nane sijafanya. Nyumbani wanasema nimepona, mama hata sadaka alitoa.

Shida ni kwamba hamu haijaondoka. Inakaa kimya wiki mbili tatu, halafu jioni moja nimefunga duka, hesabu haikai sawa, umeme umekatika, naingia chumbani peke yangu, basi inakuja kama mtu ananiita kwa jina. Juzi ilinikuta kwa fundi. Tunashona sare ya harusi ya binti wa mama mdogo. Fundi akanipima mkono, akaweka alama ya chaki, akasema, "Tunakata hapa juu, mikono mifupi ndiyo inapendeza." Nilitoka pale natetemeka. Sikufanya kitu, ila usiku kucha nilikuwa napigana nayo.

Je, ina maana sijapona? Na mama nimwambie? Naogopa atavunjika moyo.

Mtumishi_77:
Pole binti. Hayo ni majaribu ya shetani, zidisha maombi utashinda.

Nesi_wa_Zamu:
Mtumishi, maombi yana nafasi yake, lakini huyu tayari anajilaumu, tusimwongezee mzigo wa kudhani imani yake ni ndogo.

Mdogo wangu, mimi ni nesi wa wodi ya afya ya akili. Kuja kwa hamu si dalili kwamba umeanguka. Miaka yote ile ubongo wako ulijifunza kuwa ukizidiwa, nafuu inapatikana kwa njia ile. Ukiacha, njia haifutiki siku hiyo hiyo. Inaota majani polepole kwa kutopitwa. Siku ukiwa na njaa, umechoka au umedhalilika, unaiona tena. Jioni yako ya duka ina vyote hivyo, kwa hiyo kula kabla hujafunga hesabu. Si jambo dogo hilo.

Ikija, usipigane nayo usiku kucha. Itaje: "Hamu imekuja." Nawa uso kwa maji ya baridi, pumua taratibu, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia. Jipe dakika 15 bila kuamua lolote, kisha 15 nyingine. Kwa kawaida hupanda, ikafika kileleni, ikashuka yenyewe. Kama chumbani kuna vitu ulivyokuwa unatumia, mpe dada yako leo, usingoje siku mbaya.

Na urudi kwa mshauri. Kurudi si aibu. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni tiba inayotumika sana kwa wanaojidhuru, mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba naye alijidhuru akiwa msichana.

Siku ukianza kuwaza kufa, usilale peke yako na hayo. Mwamshe mtu, mwende hospitali usiku huo huo.

Bamvua:
Nimeacha mwaka wa sita huu. Bado huja, labda mara mbili kwa mwaka. Sisi wa pwani twajua bamvua: maji hujaa mpaka yakagonga ukuta, lakini hayajapata kubaki hapo. Mimi nina rafiki mmoja, namtumia neno "yamejaa" tu. Haulizi maswali, hupiga simu. Mara ya mwisho alikuwa anamenya vitunguu, tukaongea habari za bei ya vitunguu mpaka nikasikia njaa.

Kwa walio huku Kenya, simu ya Msalaba Mwekundu ni 1199, bure. Watoto wana 116, Kenya na Tanzania pia.

Mama_Wawili_Temeke:
Mwanangu, nimelia. Kuhusu sare, rudi kwa fundi umwambie unataka mikono mirefu ya shifoni. Wengi wanashona hivyo sasa hivi, hata hatauliza. Na akiuliza, "nimependa hivyo" inatosha.

Mama mwambie, ila uanze na dada awepo. Usimwambie "sijapona". Mwambie, "Mama, kuna siku huwa inakuwa ngumu, siku hiyo naomba uniite nije nilale kwako." Mimi ningekuwa mama yako ningetaka kuambiwa hivyo. Kinachomvunja mzazi moyo ni kujua mtoto alikuwa anaumia chumba cha pili akanyamaza.

Binti_Kihonda:
Asanteni sana wote. Nesi, sikuwahi kufikiria habari ya kula, kweli huwa nashinda na chai tu. Nimeongea na dada, amechukua vile vitu na Jumatano ananisindikiza kwa mshauri. Mama bado sijamwambia. Fundi nimempigia, anasema shifoni nusu mita inatosha mikono yote miwili.

Bamvua:
Nitumie ujumbe wa faragha Jumatano ukitoka. Hata neno moja tu.