Mpiga chapa aliyekata vichekesho vya Tamburlaine: alikuwa na haki?

Wakuu, kuna jambo linanikera. Mwaka 1590 Richard Jones, mpiga chapa wa London, alitoa sehemu zote mbili za tamthilia ya Tamburlaine the Great katika kitabu kimoja kidogo: yule mchungaji aliyegeuka mfalme, akamfungia sultani wa Waturuki kwenye tundu. Tanzia ya Christopher Marlowe, mtunzi wa tamthilia wa Uingereza, ingawa jina lake halimo kitabuni. Katika maneno yake kwa wasomaji Jones anakiri kwamba ameondoa makusudi vituko fulani, eti ni vya kipuuzi na haviendani na jambo zito. Anakiri pia kuwa vilipoonyeshwa jukwaani kuna watu walivikodolea macho! Na tarehe 14 Agosti mwaka huohuo kazi iliandikishwa kwenye daftari la chama cha wachapaji kama masimulizi mawili ya kuchekesha. Kitabu kutoka, kumbe ni ya kitanzia. Kwangu huo ni uharibifu. Matoleo yote yaliyofuata yamerithi kovu hilo, na vilivyokatwa havijaonekana hadi leo.

— Mleta mada, unamhukumu mtu wa 1590 kwa sheria za leo. Enzi zile mtunzi akishawauzia waigizaji, kazi imemtoka mkononi. Sheria ya haki za mwandishi Uingereza ilikuja 1710. Halafu nani kakwambia vituko vile ni vya Marlowe? Wachekeshaji walizoea kuchomekea vyao. Huenda Jones alipalilia magugu tu.

— Magugu? Mbona Mycetes kabakizwa? Mfalme mzima anahangaika kuficha taji vitani, Tamburlaine analichukua, kisha anamrudishia kama anayemwazima mtoto kofia. Hiyo ni futuhi tupu, na imo katikati ya tanzia. Jones hakuwa na kipimo, alikuwa na ladha yake tu.

— Mimi nasimama na Jones, angalau alichapa mtunzi akiwa hai. Juliasi Kaizari, hii aliyotufasiria Mwalimu Nyerere, kwa Kiingereza ilichapwa mara ya kwanza 1623, Shakespeare keshalala kaburini miaka saba. Marlowe aliuawa 1593. Alikuwa na miaka mitatu ya kulalamika.

— Mwalimu alitoa tafsiri yake 1963, akairekebisha mwenyewe 1969, na jina lake liko juu ya jalada. Mwenye mali akikata chake, sina neno. Marlowe angelalamikia wapi, mkuu, kitabu ambacho hakikusema ni chake?