Msaada: bushi ya plastiki ya mkono wa gia imebaki ndani, Hilux ya zamani

Mkulima wa Njombe
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux LN106 ya mwaka 1994, dizeli. Mkono wa gia umelegea vibaya: gia namba tatu imeingia lakini mkono unayumba kushoto kulia kama upo nyutro, na rivasi naitafuta kwa kubahatisha. Fundi mmoja hapa mjini amesema giaboksi ishuke, ifunguliwe yote. Gharama aliyonitajia siiwezi, viazi bado viko shambani.

Leo nimefungua mwenyewe. Mkono umetoka, ila ile bushi inayovaa kichwa cha chini cha mkono imebaki kwenye kikombe chake. Imemeguka upande mmoja, na kuna oili, sioni vizuri. Naitoaje bila kuangusha vipande ndani? Gari hili ndilo linalobeba mazao yetu.

Gereji ya Uani
Pole mkuu. Kwanza nijibu: injini ikiwa imezimwa, ulegevu ulikuwa uleule? Na gia zilikuwa zinakwaruza wakati wa kuingia?

Mkulima wa Njombe
Uleule hata ikiwa imezimwa. Hazikwaruzi kabisa.

Gereji ya Uani
Basi giaboksi isishuke. Gia zingekuwa zinakwaruza gari likitembea, ningekwambia sinkronaiza (pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia) au klachi, na bushi isingesaidia. Wewe shida yako ni hicho kipande cha plastiki.

Sasa fanya hivi, taratibu. Funika tundu kwa kitambaa, na kabla ya kukitoa, futa vumbi lote pembeni ya tundu. Mchanga ukiingia humo ni mbaya kuliko plastiki, maana plastiki ni laini, mchanga unakula gia na bearing. Kisha vuta oili kwa bomba la sindano lenye kampira kembamba mpaka uone bushi yenyewe. Washa tochi.

Chukua waya mgumu, spoku ya baiskeli inafaa sana, kunja ncha iwe ndoano fupi. Pitisha pale palipomeguka, ishike kwa chini, vuta wima. Usiibanjue kwa bisibisi ukiegemea ukingo wa kikombe, utakichubua na bushi mpya haitakaa sawa. Ikikataa, tafuta skrubu nyembamba ya kufungia mbao, ipake grisi nzito ili unga wa plastiki unase humo, izungushe kwa mkono mpaka ishike tu, halafu ivute kwa plaizi.

Dereva wa Lori
Au aipashe moto kidogo ilainike. Na vipande vikianguka, sumaku itavitoa.

Gereji ya Uani
Hapana, mkuu. Plastiki ikiyeyuka itaganda kwenye kikombe, na pale kuna oili, moto hautakiwi kabisa. Sumaku nayo haivuti plastiki. Kipande kilichoanguka kinanaswa kwa grisi nzito kwenye ncha ya waya.

Mama Spea, Gerezani
Vipande vyote ukishavitoa vipange kwenye karatasi nyeupe, uviunganishe mpaka bushi irudi umbo lake. Pakibaki pengo ujue kuna kipande ndani, usifunge kwanza. Mwaga oili yote juu ya chombo safi uangalie. Lakini legeza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, gari limelala hapo.

Ukija dukani njoo na bushi ya zamani mkononi. Zinafanana kwa macho ila vipimo vinatofautiana.

Kijana wa Gari
Samahani wakuu, mimi yangu hata mkono haujatoka. Ile kofia ya chuma inayoushika mkono wa gia pale chini inafunguliwaje? Sioni nati.

Gereji ya Uani
Haina nati. Weka nyutro, ifunike kwa kitambaa, ibonyeze chini kwa nguvu maana kuna springi, kisha izungushe kinyume cha saa huku umeibonyeza. Itatoka pamoja na mkono.

Mkulima wa Njombe
Wakuu, imetoka! Ndoano ya spoku imeikamata mara ya pili. Vipande nimevipanga kama alivyosema Mama, bushi imetimia yote. Mpya naivalishaje? Nimeibonyeza kwa vidole, haiingii.

Mama Spea, Gerezani
Hongera sana baba. Usiigonge na nyundo. Iloweke dakika chache kwenye maji ya moto, ikaushe vizuri, uisukume haraka kabla haijapoa. Utasikia inakaa. Paka grisi, rudisha mkono, jaribu gia zote injini ikiwa imezimwa, na oili uliyoivuta urudishie mpya, ya giaboksi, 75W-90.

Mkulima wa Njombe
Mungu awabariki. Na ule mkono mdogo wa magurudumu manne nao una bushi?

Gereji ya Uani
Unayo ya kwake. Kama hautetemeki, usiuguse. Ukianza kulia barabara mbovu, angalia kwanza mpira wake wa juu kama umechanika, maana vumbi hupitia hapo.