Paprika: ndoto inavukaje kuingia kwenye uhalisia bila mtazamaji kuona mshono?

Kalamu_ya_Risasi
Wakuu, naomba msaada wa kiufundi. Nachora katuni ya dakika 3 kwenye Krita (programu ya kuchorea kwenye kompyuta): abiria anasinzia ndani ya daladala, ndoto inachanganyika na safari yenyewe. Kila anapovuka nimeweka ukungu na rangi zilizopauka, matokeo yake watazamaji wanaijua ndoto kabla haijaanza. Kwenye Paprika, filamu ya katuni ya Mjapani Satoshi Kon (2006), unashtukia uko ndani tayari. Anafanyaje hasa? Natumia fremu 24 kwa sekunde, kila mchoro unakaa fremu 2.

Fremu24
Toa ukungu kwanza, huo ndio unaokuchongea. Kon anaichora ndoto kwa mstari ule ule na uzito ule ule wa mwili kama wa mtu aliye macho. Kinachovusha ni tendo lisilokatika. Tazama Dkt. Atsuko Chiba, mtafiti wa ndoto na mhusika mkuu, anapoingia nyumbani kwa Himuro, mwenzao wa maabara anayeshukiwa wizi: anamfuata mwanasesere, anatokea kwenye bustani ya michezo, anaparamia uzio. Kumbe anachoparamia ni ukingo wa roshani ghorofani, na wenzake wanamdaka akiwa karibu kuanguka. Mwili umeendelea na kazi yake, kilichobadilika ni kinachouzunguka.

Kwako, tumia mkono unaoshika bomba la daladala. Kata katikati ya mwendo, usingoje mkono utulie. Washa kivuli cha mchoro uliotangulia (onion skin, mchoro wa nyuma unaoonekana kwa hafifu chini ya mpya), kisha hakikisha kiganja cha shoti mpya kinaangukia pale pale kwenye skrini. Halafu rudia mchoro 1 wa mwendo uliokwisha kuonekana, yaani fremu 2, kwa sababu jicho hupoteza kidogo mara tu baada ya mkato. Usiporudia, mwendo unaonekana umeruka. Ukirudia michoro 3 au 4, unaonekana umekwama.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni ukubwa. Mhusika akijaza robo ya skrini kabla ya mkato na nusu yake baada ya mkato, mshono unaonekana hata kama mkono umekaa sawa. Badilisha mandhari tu, ukubwa na mwelekeo viache.

Sauti_Kwanza
Naongezea upande wa sauti, maana hapo ndipo wengi wanapojimaliza. Usikate picha na sauti kwenye fremu moja. Acha muungurumo wa injini uendelee ndotoni kama sekunde 1, ndipo uufifishe. Au anza sauti ya ndoto fremu 8 hadi 12 kabla ya picha kubadilika. Ukikata vyote pamoja, hata mchoro mzuri unasikika kama mlango uliofungwa.

Maneno nayo yanavusha. Pale Shima, mkuu wa maabara ya Chiba, anapoanza kupayuka ofisini, sentensi zina sarufi safi, ila maana inapotoka hatua kwa hatua mpaka anakimbia na kujirusha dirishani. Ofisi inabaki ofisi! Hiyo haihitaji mchoro wa ziada hata mmoja, inahitaji mwigizaji wa sauti anayesema upuuzi kwa uhakika kamili.

Kalamu_ya_Risasi
Asanteni sana. Na kwa dakika 3, nivuke mara ngapi?

Storibodi_Tu
Mara 3 zinatosha. Ila mimi natofautiana kidogo na waliotangulia: ufundi wa mkato peke yake hautakuokoa kama hadithi haina sheria. Paprika inayo. DC Mini, kifaa cha kuingilia ndoto za mtu, hakijakamilika, hakijawekewa vizuizi, kwa hiyo aliyekiiba anaingia ndoto za wengine atakavyo. Ndoto inafurika mitaa ya Tokyo mwishoni tu, mtazamaji akiwa ameshaielewa sheria hiyo. Amua sasa hivi: kwenye daladala yako, ni nini kinachofungua mlango? Breki? Kengele ya kushuka? Kiwe kile kile mara zote 3.

Halafu mstari wa kamera. Humo humo kwenye filamu, mpelelezi Konakawa anamweleza Paprika (umbo la Chiba ndotoni) kanuni ya kutovuka mstari: kamera ibaki upande mmoja wa mstari wa kufikirika kati ya wahusika, ili mielekeo yao isigeuke kwenye skrini. Abiria wako akiwa macho, mwelekeze kulia katika kila shoti. Ndotoni mgeuze kushoto. Mtazamaji atahisi kuna kitu hakijakaa sawa asijue ni nini. Lakini usimgeuze kwenye mkato wenyewe wa kuvukia, utaua alichokufundisha Fremu24. Mgeuze shoti 2 baadaye.

Kabla ya kusafisha mistari, unganisha michoro ghafi na sauti, mwonyeshe mtu asiyeijua hadithi, mwambie ainue mkono akihisi ndoto imeanza. Akiinua palepale kwenye mkato, mshono unaonekana. Akichelewa sekunde 1 au 2, imekaa. Asipoinua kabisa, weka ndani ya shoti kitu 1 kisichowezekana, kama dirisha linaloonyesha bahari upande ambao sekunde 10 zilizopita ulikuwa na maduka.