Watunzi wa simulizi za maelfi, mnatuona sisi wasomaji wajinga?

Wakuu, salaam. Leo sibembelezi mtu.

Nimelipia msimu mzima wa simulizi moja inayotumwa vipande vipande WhatsApp. Mtunzi simtaji, anajijua, na wenzake wanaoandika hivyo hivyo nao wajijue. Habari yenyewe ni ya maelfi, wale watu warefu wenye masikio ya ncha wanaokaa msituni na kuishi miaka 1,000. Kwenye masikio sina neno. Ugomvi wangu ni hiyo miaka.

Mfalme wao ana miaka 900. Mwanawe mkubwa ana 600, katulia tuli, anapiga kinubi, anamngoja baba. Jamani! Hapa hapa mkoani kwetu Tanga, Kimweri ye Nyumbai alitawala Usambara kutoka Vuga kwa miongo kadhaa, akafa 1862. Kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Haikupita miaka kumi, Semboja, mtoto wa marehemu, aliyejiimarisha kwa bunduki kule Mazinde kwenye njia ya misafara, akamng'oa, nchi ikaingia vitani. Hiyo ni miongo tu! Sasa mtu kakalia kiti karne saba, ana watoto, wajukuu, vitukuu, vilembwe na vining'ina, wote wazima, wote wana nguvu za ujana, na hakuna hata mmoja anayenong'ona pembeni?

Na mali je? Huku kwetu mzee akifa ndugu wananuniana kwa ajili ya minazi. Kule hafi mtu, kwa hiyo harithi mtu. Kijana wa miaka 300 anaoa akiwa na nini? Anaishi kwa nani? Hapo pana simulizi nzima, lakini mtunzi kapapita mbio akatueleze nywele za binti mfalme.

Kilichonitoa uvumilivu ni kipande cha juzi. Wamekuta maandishi pangoni, yana miaka 800, na ufalme mzima hakuna anayejua maana yake. Mama yake mfalme yupo! Yuko ukumbini anakunywa divai! Maandishi yanachongwa yeye alikuwa mtu mzima na akili zake! Mwulizeni!

Sisi pale Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, tunabaki kusoma mawe na vigae kwa sababu waliokuwepo wameondoka wote. Vasco da Gama alipita pwani hii 1498, na 1499 akaichoma moto meli mojawapo ya msafara wake mwenyewe, São Rafael, huku huku kwetu Mtang'ata. Angekuwepo elfi mmoja tu wa miaka 900 pale kijijini, tungemfuata na birika la kahawa atuambie yupi kalazwa kaburi lipi na nani alikufa na deni la nani. Watu wa namna hiyo tatizo lao lingekuwa kushindwa kusahau. Aliyemuua kaka yako miaka 400 iliyopita bado mnapishana naye sokoni. Hebu niandikieni hilo!

Vita ndiyo vichekesho. Tumeambiwa mwanamke wao anazaa mara moja au mbili maisha yake yote. Sehemu ya tatu wanakufa askari 10,000, sehemu ya tano jeshi limejaa tena. Wametoka wapi? Pigeni hesabu: hata kama hawazeeki, kila mwaka katika kila watu 1,000 akafa mmoja tu, kaanguka mtini, kazama, kagongwa na nyoka, wastani wa maisha yao unakuja kwenye hiyo hiyo miaka 1,000. Bado hamjapigana. Watu hao wangekuwa waoga ajabu, kupanda ngalawa tu wangeitisha kikao cha ukoo.

Chakula sitaki hata kukisema. Mji wa watu 40,000, hawakati mti, hawalimi, wanakula matunda na asali. Nendeni Amani mkatazame. Iliki ya Usambara Mashariki ililimwa chini ya miti, kwa mbali unaona msitu umesimama, kumbe miti midogo imefyekwa, na ile mikubwa ikianguka hakuna wa kushika nafasi yake.

Na asije mtu hapa na "mkuu, hiyo ni hadithi tu". Bibi zetu wa Tanga hawajasomea utunzi, lakini jini wao ana kabila, ana dini, ana mbuyu wake, anaoa, anadai ubani na maji ya waridi, na asipopewa utajua. Ukiuliza swali unajibiwa.

Nimemfuata mtunzi inbox kistaarabu, nikamweleza la mama wa mfalme. Kanijibu: "Mkuu, kama hupendi acha kusoma." Sawa, naacha. Basi anirudishie hela ya vipande vilivyobaki, maana hilo swali la pili nalo hajalijibu mpaka sasa, na tiki za bluu naziona.