Naomba ushauri: mahindi yanageuka zambarau, je kuna mbegu inayovumilia uhaba wa fosforasi?

Habari zenu wakuu. Nalima mahindi ekari mbili Mufindi, udongo mwekundu. Msimu wa pili sasa, mimea ikifikisha majani manne hivi, kingo za majani ya chini zinageuka zambarau na shamba zima linadumaa. Na nilipandia DAP, mbolea yenye fosforasi. Bwana shamba akaniambia ni upungufu wa fosforasi: udongo wetu una tindikali, hivyo chuma na aluminiamu huikamata mbolea kabla mizizi haijaifikia.

Kilichoninyima usingizi ni nilichosoma baadaye. Kumbe mmea wenyewe unajua kwamba una njaa! Fosfeti (fosforasi katika umbo ambalo mmea huifyonza) ikipungua ndani ya seli, protini ziitwazo SPX huiachia huru protini nyingine zilizokuwa zimeishikilia, PHR1, nayo huenda kuwasha jeni za njaa: za kufyonza fosfeti zaidi, hata za kutengeneza ile rangi ya zambarau. Tena mpunga wa Kasalath wa India una jeni ya PSTOL1, iliyotangazwa 2012, inayoupa mizizi mingi ungali mchanga. Aina nyingi za kisasa hazina.

Naomba msaada, hasa kwa mliosomea kilimo au mlioko Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo Mbeya. Je, kuna mbegu ya mahindi ya nyanda zetu inayovumilia uhaba huu? Au nianze na chokaa ya kupunguza tindikali, na niimwage muda gani kabla ya kupanda? Samadi ninayo kidogo, ya ng'ombe wawili tu. Mvua za Novemba zinakaribia na mbegu bado sijanunua.