Wakuu, nimrudisheje mdogo wangu kwenye pikipiki? Uoga umemwingia

Kaka Mkubwa (mleta uzi)
Wakuu salaam. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 22, amepata kazi ambayo bila usafiri wake mwenyewe atachelewa kila siku. Nikamwambia pikipiki ndiyo jibu, na nikaanza kumfundisha mwenyewe, maana mimi huu ni mwaka wa tisa naendesha. Siku tatu za mwanzo alikwenda vizuri. Siku ya nne ikatokea hitilafu ndogo, na tangu hapo hataki hata kuigusa. Akisikia napiga kiki nje, anaingia ndani.

Nimefikiria nimbadilishie chombo. Hii ya sasa ni cc 125, nyepesi, nahisi inayumba ndiyo maana hajiamini. Kuna 250 ya mtu nimeshaiona, ile imetulia. Nataka tuanze upya Jumamosi. Naomba mbinu za kumtoa uoga. Wale wa "apande basi" naomba mpite kimyakimya.

Ngoja Ngoja
Ngoja waje wajuvi. Nimekaa mkao wa kula.

Babu Gia
Uoga hauna dawa zaidi ya kupanda. Mimi mjomba alinipandisha juu ya pikipiki isiyo na breki ya nyuma, akanisukuma mteremkoni, akaniambia "tutaonana chini". Nikaonana na mgomba. Nikapanda tena. Leo nina miaka 61 na meno yangu yote, isipokuwa mawili, na hayo mawili si ya pikipiki, ni hadithi nyingine kabisa.

Mama Pacha
Kabla ya mbinu, mleta uzi, huyo binti alisema anataka pikipiki au wewe ndiye uliyemwamulia? Nimesoma mara mbili, kila mahali ni "nikamwambia", "nimefikiria", "nataka tuanze". Yeye yuko wapi kwenye hii habari?

Kaka Mkubwa
Mama Pacha, alikubali. Hakuna aliyemfunga kamba.

Kijiwe Nongwa
Hiyo 125 unauza?

Fundi Spoki
Mkuu, hilo la 250 liache kwanza. Pikipiki nzito haimtulizi mwanafunzi, inamwangusha kwa uzito zaidi. Mwanafunzi karibu mara zote huanguka akiwa mwendo wa konokono: anageuza, anasimama, anatafuta pa kuweka mguu. Hapo anachohitaji ni chombo anachoweza kukishika kikianza kulala, na kiti kinachomruhusu kukanyaga chini kwa miguu yote miwili. Kuyumba kwa 125 kwenye mwendo mdogo ni kwa sababu hajui kuishika klachi katikati, si kwa sababu ya cc.

Halafu "hitilafu ndogo" ndiyo nini? Cheni ilikatika? Tairi lilipasuka?

Kaka Mkubwa
Alianguka kidogo. Kwenye kona, kuna mchanga pale. Hakuvunjika popote. Aliungua shavu la mguu wa kushoto na egzosi, basi. Kila anayeendesha ana hiyo alama, hata mimi ninayo.

Zamu ya Usiku
Mlimfanyia nini alipoungua? Usiniambie dawa ya meno.

Kaka Mkubwa
Dawa ya meno.

Zamu ya Usiku
Nilijua. Wengine mnaosoma: kuungua na egzosi ni maji ya kawaida ya kutiririka, dakika 20 kamili, kisha funika kwa kitu safi kisichonata. Si dawa ya meno, si siagi, si barafu. Siku ya kuosha hiyo dawa ya meno iliyogandia kwenye kidonda, atalia kuliko siku ya kuungua. Na mnunulie suruali nzito na buti zinazopita kifundo cha mguu kabla hujafikiria cc.

Kofia Ndiyo Kichwa
Mbona hakuna anayezungumzia helmeti? Huo ndio uzi wenyewe. Uchambuzi wa Cochrane (mtandao wa watafiti wa afya) wa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa pikipiki kwa takribani asilimia 42 na kuumia kichwa asilimia 69. Lakini iwe ya kipimo chake, si ile yako kubwa unayomwazima! Avae, afunge mkanda, wewe shika ukingo wa nyuma chini, vuta kama unaitoa kuelekea mbele. Ikitoka, ujue siku ya ajali itatangulia yenyewe. Na ikishapiga lami mara moja na kichwa kikiwa ndani, iage. Povu la ndani likishabonyea halirudi, hata kama nje inang'aa.

Kaka Mkubwa
Helmeti alivaa. Ilikuwa yangu lakini ilimkaa tu. Wakuu, mnanitoa kwenye mada, mimi naomba mbinu za uoga.

Mwalimu wa Koni
Mimi hii ndiyo kazi yangu, nafundisha. Mwanafunzi mpya simwashii injini siku ya kwanza. Anaisukuma kwa mikono, anaizungusha, anaipandisha stendi na kuishusha, ajue uzito unahama wapi. Kisha klachi: injini inawaka, gia ya kwanza, miguu yote chini, anaachia kidole kwa kidole mpaka asikie mlio wa injini unashuka na chombo kinataka kumvuta. Hapo anabana tena. Mafuta hagusi. Tunafanya hivyo mara 50, wanachukia. Wakitoka hapo haizimi tena ovyo, wala hairuki kama mbuzi.

Swali langu: siku alipoanguka alikuwa peke yake juu ya pikipiki?

Babu Gia
Kuruka kama mbuzi umenikumbusha. Shemeji yangu mmoja aliachia klachi, pikipiki ikaenda, yeye akabaki amesimama miguu imetanuka kama mtu anayepima suruali.

Kaka Mkubwa
Nilikuwa nyuma yake, kama mwalimu. Ningemfundishaje nikiwa kwa mbali?

Mwalimu wa Koni
Kwa mdomo, mkuu. Kwa mbali. Abiria nyuma ya mtu wa siku nne ni zaidi ya nusu ya uzito wa pikipiki, umeketi juu na unatikisika. Na mikono yako ilikuwa wapi?

Kaka Mkubwa
Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya wake, tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nampimia mafuta asije akavuta kupita kiasi. Tulipofika kwenye ile kona ya kulia niliona anaingia na mwendo, nikabana breki. Ndiyo, ya mbele. Mtu yeyote angefanya hivyo. Nisingebana tungeishia mtaroni. Kwa hiyo tusianze kunihukumu, aliyekuwa anaona barabara ni mimi.

Fundi Spoki
Eee.

Mkuu, hukuzuia ajali, uliitengeneza. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia tairi la mbele. Ukiwa umenyooka kwenye lami kavu, ni rafiki yako. Ukiwa kwenye kona, lile tairi lina kazi moja tayari, ya kugeuza. Ukiliongezea kazi ya kusimama, tena juu ya mchanga, linaachia yote mawili kwa pamoja. Hamkupata hata nafasi ya kusema "mama". Mwendo unapunguzwa kabla ya kona, si ndani yake.

Mama Pacha
Kwa hiyo binti haogopi pikipiki. Anaogopa mkono wako.

Kaka Mkubwa
Sawa, lakini hayo yameshapita. Ndiyo maana nataka 250, kiti chake kirefu, nitakaa nyuma zaidi.

Ngoja Ngoja
Huyu hasikii jamani 😂

Jicho Kavu
Mimi nimekaa pembeni nasoma, sasa naomba niulize. Pikipiki za cc 125 nilizoziona karibu zote egzosi iko kulia. Mleta uzi anasema walikuwa kona ya kulia, akabana ya mbele. Pikipiki ya hivyo inalalia kulia. Kwa hiyo mguu unaobaki chini ni wa kulia. Sasa huyu dada ameunguaje mguu wa KUSHOTO? Egzosi ilimfuata upande wa pili kumsalimia?

Hii ni chai, wakuu. Chai ya rangi, bila sukari. Hakuna dada, hakuna kona.

Kijiwe Nongwa
Hata 125 hakuna? Nilishaanza kukusanya hela.

Ngoja Ngoja
Duh, Jicho Kavu umepiga hesabu ya polisi. Mleta uzi njoo ujibu.

Babu Gia
Hata mimi nilishangaa. Mtu wa miaka tisa barabarani anaita kuanguka "hitilafu".

Kofia Ndiyo Kichwa
Iwe chai isiwe chai, helmeti ya kipimo chake.

Jicho Kavu
Saa sita zimepita, kimya. Nilisema.

Kaka Mkubwa
Nipo. Nilikuwa kazini.

Pikipiki ni ya kweli, egzosi iko kulia. Umeona sawasawa, ililalia kulia. Tulipoanguka hakuungua. Alitelezea mbele, mimi nikamwangukia nusu. Alikuwa amekaa chini upande huohuo wa kulia, miguu kainyoosha, anashika kiwiko. Mimi nikainuka, nikaona mafuta yanavuja kwenye mfuniko wa tangi, nikaenda kuinua pikipiki. Nilikuwa na haraka. Nikaifikisha katikati, tairi la mbele likageuka, ikaniponyoka ikarudi kulia. Hapo ndipo egzosi ilipomlalia mguu wa kushoto.

Haikuwa ajali ya kuanguka. Ni wakati naiinua.

Jicho Kavu
Naondoa chai. Samahani, mkuu.

Mama Pacha
Uliinua pikipiki kabla ya kumwinua yeye.

Kaka Mkubwa
Ndiyo.

Niliogopa mafuta, ndivyo nilivyomwambia. Ila nilitazama kwanza kioo kama kimevunjika, na yeye aliniona nikitazama kioo.

Zamu ya Usiku
Hofu ya mafuta si ya kijinga. Lakini mtu akiwa karibu na chombo chenye moto na mafuta, unamwondoa mtu. Chombo kinabaki.

Fundi Spoki
Na kwa kuwa tumefika hapo, mjue kuinua. Zima injini kwanza, funga mafuta kama kuna koki. Ikiwa imelalia kulia kama hii, ishushe stendi ya pembeni kabla hujaigusa, kwa sababu stendi iko kushoto, na ukiisimamisha kwa nguvu bila stendi itapitiliza kwenda upande wa pili. Tia gia isije ikatembea. Geuza usukani mpaka mwisho uelekee chini, tairi la mbele lisiwe na pa kwenda. Hilo ndilo lililokuponyoka, mkuu. Kisha ipe mgongo, makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye mshikio wa usukani, mwingine kwenye chuma cha nyuma, halafu tembea kinyumenyume kwa hatua fupifupi. Kazi ni ya mapaja, si ya kiuno. Binti wa miaka 22 anaiweza 125 bila msaada wa mtu. 250 atakuita.

Mwalimu wa Koni
Niongeze moja, si kukusimanga. Mwaka 1981 kulitoka ripoti Marekani, ya Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California. Walichunguza ajali 900 za pikipiki huko Los Angeles, mojamoja, mpaka alama za tairi. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifundisha wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Ni ya zamani, lakini kila nikipokea mwanafunzi aliyeanzishwa na kaka yake, kazi ya wiki ya kwanza ni kufuta. Anaingia kwenye kona akisubiri mtu wa nyuma aamue. Macho yake hayako mwisho wa kona, yako kwenye tairi lake la mbele, na chombo kinakwenda macho yanakokwenda.

Wewe ukitaka kusaidia, lipia mafunzo, nunua helmeti, kaa mbali na usipige kelele.

Babu Gia
Mjomba wangu alinisukuma lakini walau hakupanda nyuma.

Kaka Mkubwa
Nimewasoma wote. Jana usiku nilimwomba msamaha wa kioo. Si wa kuanguka, hiyo ya kuanguka alisema alishaisahau. Nikamuuliza kuhusu Jumamosi. Kumbe ameshapata mwalimu tangu wiki iliyopita, mwanamke, analipa kidogokidogo, na amekwenda mara mbili. Mara zote mbili amesukuma tu pikipiki iliyozimwa, anasema mikono inamuuma. Mimi nilidhani anaingia ndani akisikia kiki kwa kuogopa, kumbe hataki nimwambie "njoo tupige raundi".

Nimemuuliza naweza kuja kutazama. Kasema nikae ng'ambo ya uzio.

Mama Pacha
Kaa ng'ambo ya uzio.

Kijiwe Nongwa
Sasa kama 250 imeahirishwa, ile 125 si bado unauza? Nipo siriazi.

Kaka Mkubwa
Haiuzwi. Ufunguo anao mwenyewe.