MTUNGI MTUPU! Mheshimiwa wetu kanidhalilisha leo mbele ya mtaa mzima

Sufuria Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, nimetoka uwanjani sasa hivi. Miguu ina vumbi, kitenge sijavua, naandika mikono inatetemeka. Mods nawaomba msiuhamishe uzi huu, uacheni hapahapa watu wausome.

Huyu mbunge wetu mnamjua, sina haja ya kutaja jina. Ni yuleyule aliyepita kwetu wakati wa kampeni, akakaa kwenye benchi langu, akala chapati mbili na maharage, akasema nikifika Dodoma kazi yangu ya kwanza ni kuwashushia gharama za maisha. Zile chapati hakulipa. Hayo nilishayasamehe.

Sasa leo ndiyo ikawa siku ya kutushushia. Mjumbe alipita tangu Jumatano na daftari, akaandika mama lishe wote, kwamba mheshimiwa anagawa mitungi ya gesi tuachane na mkaa. Nilifurahi, sifichi. Mkaa unanila. Kwa siku nachoma makopo matatu, na masika yakiingia kopo linapanda bei, mkaa wenyewe umelowa, unafuka moshi tu, maharage yanagoma kuiva mpaka wateja wa saa sita wanaondoka. Kwa hiyo nimefunga kibanda leo Jumamosi, siku mafundi ujenzi wanalipwa, siku yangu ya kuuza kuliko zote. Saa moja asubuhi niko kwenye foleni. Yeye kafika saa nane. Saa nane mchana jamani! Jua lile lingeivisha ubwabwa bila mkaa wala gesi.

Majina yakasomwa, mimi wa kumi na saba. Nikapanda jukwaani, nikapiga goti kidogo kama nilivyolelewa, mpiga picha akasema mama tabasamu. Nikaupokea mtungi, moyo ukanilipuka. Mimi ni mtu wa kubeba. Ndoo ya lita 20 naibeba kila alfajiri, uzito naujua kwa mkono. Mtungi wa kilo sita ukijaa unakuvuta bega, maana chuma kina uzito wake na gesi ina uzito wake. Huu ulinyanyuka kama kapu la dagaa. Nikautikisa. Wenye gesi ukiutikisa unasikia kinachezacheza ndani, huu kimya. Nikaugonga kwa pete: ngoo. Kama debe.

Nikamuuliza kwa adabu zote, "Samahani mheshimiwa, mbona kama hauna kitu?" Nilidhani wamekosea, wamenipa wa maonyesho. Yule bwana akachukua maikrofoni. MAIKROFONI, wakuu. Akasema, "Mama, mtungi nimekupa, na gesi nikujazie? Kesho utaniambia nije nikupikie!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. MC akaweka mziki. Watu ninaowakopesha chai asubuhi wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nimeshuka zile ngazi sioni ninapokanyaga.

Nije nikupikie! Mimi ndiye ninayepika! Miaka kumi na moja napikia watu mtaa huu, nimewapikia madereva, wanafunzi, askari, nimempikia yeye mwenyewe! Halafu mbele ya mwanangu wa darasa la sita nageuzwa ombaomba nisiyejua kushukuru.

Kujaza huo mtungi kwa muuzaji wa kwetu ni 24,000 kwa mkupuo. Mimi mtaji wangu unazunguka kwa siku. Nanunua unga leo, nauza leo, kesho nanunua tena. Kopo la mkaa naweza kulichukua asubuhi, mia tano iliyobaki nikailipa jioni. Gesi hakuna anayekupa nusu na kukudai nusu. Ndiyo maana mama lishe yuko kwenye mkaa. Siyo kwamba hatujui gesi ni nzuri! Angeuliza hata mmoja wetu kabla ya kuagiza lori zima la vyuma tungemwambia. Hakuuliza. Kabandika picha yake kwenye kila mtungi, kubwa kama sahani, anacheka.

Nimeuweka hapa mezani huo mtungi. Naye ananitazama anacheka. "Kesho utaniambia nije nikupikie." Tangu saa tisa nayasikia maneno hayo kichwani, sijala.

---

Mzee wa Dumu

Pole sana bi mkubwa. Hapo kwenye maikrofoni ndipo alipokosea. Angekunong'oneza yangeisha.

Konda Mstaafu

Picha iko wapi? Uzi wa mtungi bila picha ya mtungi ni chai.

Chura wa Jangwani

Dada, ulienda kupokea cha bure ukategemea kijae? Cha bure hakina ujazo. Hahahaha "ngoo". Nimecheka abiria wa pembeni wananiangalia.

Sufuria Nyeusi

Chura, hicho siyo cha bure. Nimefunga biashara siku nzima, hiyo ndiyo bei yake. Na sikuomba mtungi, niliandikwa na mjumbe. Cheka lakini siku ukisimamishwa mbele ya mama yako ukaambiwa "nije nikupikie" utanikumbuka.

Binti Machungwa

Mimi nilikuwepo! Namba yangu arobaini na kitu. Baada ya yale maneno hakuna aliyethubutu kuuliza tena, wote tukapokea tukasema asante. Wangu jiko lake la juu halina hata kile kimpira cha kuzuia gesi isivuje. Dada alichouliza ndicho wote tulichotaka kuuliza.

Wakili wa Kijiwe

Tuweke sawa jambo moja. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo kugawa mitungi kwenyewe siyo kosa, viongozi wengi wanagawa. Kosa ni kuhesabu mtungi kama ndiyo kupika. Swali la pili: hela imetoka wapi? Kama ni mfukoni kwake, sawa. Kama ni Mfuko wa Jimbo, ule upo kisheria tangu 2009, yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na ni kwa ajili ya miradi ya maendeleo ya jimbo. Kubandika sura kwenye chuma siyo mradi.

Chura wa Jangwani

Wakili umeanza. Ada ya kesi utalipwa chapati.

Konda Mstaafu

Ninyi mnalilia gesi, sisi wa barabarani tumlilie nani? Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo za mafuta, nasubiri kama mtoto anayesubiri matokeo. Nauli ya daladala ya hadi kilomita 10 ilipanda kutoka 500 hadi 600 Desemba 2023, abiria wakanitukana MIMI. Mimi ndiye niliyepanga? Na ile mia nyingine kwa kila lita iliyoongezwa kwenye bajeti ya 2023, ilipitishwa wapi? Si hukohuko Dodoma? Huyo wa mitungi na wenzake walikuwa wapi?

Mzee wa Dumu

Konda usinikumbushe. Ninyi mlipopandishiwa nauli mkaanza kukatisha ruti. Nashushwa katikati ya safari naambiwa gari linageuza, nalipa mara mbili.

Konda Mstaafu

Mzee usinitafute. Mimi nimestaafu, waulize walio kazini.

Sufuria Nyeusi

Jamani turudi. Mnajua kinachoniuma zaidi? Kicheko. Yeye kwanza alicheka mwenyewe kabla ya watu. Alisema "nije nikupikie" halafu akageuka kuwaangalia wale vijana wa fulana, kama anawaambia haya, chekeni. Ndipo uwanja ukafuata. Angeweza kusema mama tutaangalia, hata kama ni uongo. Uongo wa heshima ningeupokea.

Mpangaji Sugu

Pole dada, ila kuna mtu alishaongelea kodi ya jengo kwenye LUKU, huu umeme wa kulipia kabla? Kwa sababu hiyo ndiyo gharama ya maisha hasa. Kuanzia Agosti 2021 tunakatwa kwenye umeme, 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikawa 1,500. Kodi ni ya mwenye jengo. Mimi jengo langu liko wapi? Nina godoro na feni. Nimelipa kodi ya miezi sita mbele kama mtu anayenunua kiwanja, halafu tarehe moja naweka umeme wa 2,000 naambulia yuniti za kuchaji simu. Mbunge akitaka kunishushia maisha aanzie hapo.

Binti Machungwa

Mpangaji, sisi nyumba yetu mita moja wapangaji watano. Kila mwezi ugomvi wa nani anunue umeme wa kwanza. Kila mtu anavizia mwenzie. Tarehe mbili giza nyumba nzima na hela watu wanazo.

Mpangaji Sugu

Hahaha tarehe mbili na kwetu giza! Halafu usiponunua mwezi wa kwanza unakuta deni limekusubiri mwezi wa pili.

Wakili wa Kijiwe

Narudi kidogo maana kuna kitu watu hawakijui. Wabunge hupenda kutuambia masuala ya kodi ni ya Waziri, wao mikono imefungwa. Someni Ibara ya 99 ya Katiba. Kinachotaka pendekezo la Rais kupitia kwa Waziri ni kutoza kodi au kuibadilisha kwa namna nyingine ISIPOKUWA kupunguza. Kupunguza kumeachwa wazi. Sasa dada mwenye mtungi, swali lako la jukwaani lilikuwa sahihi ila dogo. Ungemuuliza: mheshimiwa, tangu uapishwe umepeleka pendekezo gani la kupunguza kodi yoyote?

Chura wa Jangwani

Angejibiwa "kesho utaniambia nikuandikie muswada".

Sufuria Nyeusi

Wakili nashukuru kwa somo, lakini mimi sikupanda pale kumhoji Katiba. Nilitaka gesi. Na ukiuliza dogo ukachekwa vile, hilo kubwa utaliuliza na mdomo gani?

Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 nilikuwa namtumia mama yangu elfu kumi kila wiki, mama yuko kijijini, mgonjwa. Nikaanza kumtumia kila wiki mbili. Watu walipopiga kelele zikapunguzwa asilimia 30 Septemba ileile. Kelele za watu wa kawaida kama mimi. Wabunge walikuwa wameshasema ndiyo. Kwa hiyo wakiamua kushusha wanajua kushusha, msiniambie hawawezi.

Mtu wa Sukari

Tukiongelea kupanda bei msiisahau sukari mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño, viwanda vikashindwa kuvuna miwa, serikali ikatoa bei elekezi, na dukani tukanunua kilo 4,000 na kuendelea. Nina genge la chai. Nilikuwa naweka sukari kwa kijiko cha chai cha mtoto, wateja wakaniita mganga wa vipimo.

Konda Mstaafu

Kumbe ni wewe! Nilikunywa chai moja enzi hizo nikadhani ni maji ya kuoshea vikombe.

Mtu wa Sukari

Konda ulikuwa unakunywa kwa mkopo, nyamaza.

Kijana wa Tandale

Dada Sufuria, samahani kwa yaliyokukuta. Huo mtungi unauza? Nina 15,000 hapa. Nimeanza maisha.

Sufuria Nyeusi

Siuzi mdogo wangu. Kesho naamka saa kumi kama kawaida, nawasha mkaa wangu, na huo mtungi nautundika mbele ya kibanda, picha yake ikitazama barabarani. Atakayeuliza nitautikisa mbele yake ausikie.

Kijana wa Tandale

Basi jiko lake la juu tu. 5,000.

Binti Machungwa

Tandale njoo kwangu, wangu nauza na jiko lake. Kimpira utanunua mwenyewe.

Mzee wa Dumu

Na maji je? Wiki ya pili hii kwetu bomba linakohoa tu, dumu 500. Nina watoto wanne, pigeni hesabu.

Mpangaji Sugu

Wakuu wenye uelewa, hivi hiyo 1,500 ya jengo nikihama nyumba katikati ya mwezi, nyumba mpya nayo wanakata tena?